Klasta ya mafundi isife mwaka wa pili: jinsi ya kuianza na kuiweka hai (nikiwa Lamu)

Kila wiki napata simu ama meseji na swali ni lilelile, "kaka, sisi ni mafundi kumi na tano tumekaa sehemu moja, twataka kuwa klasta, tuanzie wapi?" Mwingine yuko Malindi na washonaji wenzake, mwingine Mokowe mambo ya samaki, juzi kijana wa Matondoni kwenye majahazi. Nimechoka kuandika jibu moja mara ishirini, kwa hivyo naliweka hapa lote, ukiniuliza tena ntakutumia hii.

Neno lenyewe kwanza. Tanzania wasema kongano, huku kwetu maofisini wasema klasta, mtaani hatuna jina, twasema tu "kule kwa mafundi". Ni biashara za aina moja au zinazotegemeana, zimekaa karibu karibu. Ila kukaa karibu peke yake si kitu, ombaomba nao hukaa pamoja mlango wa msikiti na kila mmoja na kikombe chake. Klasta huishi pale vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kuvibeba vinabebwa na wote, yani mbao, mashine, mafunzo, jina, alafu kila mtu anabaki na karakana yake, mteja wake na mkono wake. Hiyo ndo nadharia yote, imekwisha.

Mimi nafanya kazi ya mbao, milango, vitanda, viti, na nimekuwa katibu wa makundi mawili. La kwanza lilikufa kabla ya miaka miwili. Hili la sasa lina miaka tisa na bado twagombana, ambayo ni dalili nzuri.

Kabla hujaita mkutano uwe na hivi:

- Watu wasiopungua kumi wanaofanya kazi kweli, sio wa kujaza orodha. Sheria ya Kenya ya usajili wa makundi ya kijamii ya 2022 yataka kumi, na ushirika pia kumi.
- Shida moja ambayo nyote inawauma. Kama kila mtu ana shida yake, ngojeni kwanza.
- Daftari la mistari na mtu mwenye hati ya kusomeka. Simu yaibiwa, daftari hakuna anayeliiba.
- Mzee mmoja ambaye akisema neno vijana wananyamaza, na kijana mmoja ambaye akishika simu wazee wanamwachia.
- Kivuli. Ofisi si lazima, sisi tulikaa miaka mitatu chini ya mti wa mkungu.

Umeona sikuandika mfadhili? Afadhali asiwepo miezi sita ya mwanzo. Pesa ya mfadhili ikija kabla hamjazoeana mtajuana kupitia hiyo pesa, na hiyo si njia nzuri ya kujuana.

Haya, hatua.

1. Andikeni nani yuko na afanya nini.

Wengi hukosea hapa hapa mwanzo, wanaandika wachongaji peke yao. Mlango wa Lamu haufanywi na mchongaji peke yake. Kuna anayepasua mbao bara, kuna mwenye mashua ya kuzivusha kutoka Mokowe, kuna mwenye punda wa kuzitoa gatini mpaka kichochoroni maana gari huku hakuna, kuna anayenyoosha mfaa (mti wa katikati ya mlango) na miimo (nguzo za pembeni), kuna wa nakshi, kuna mkereza wa miguu ya vitanda, kuna wa misumari ya shaba na bawaba, kuna duka la vanishi na msasa. Hao wote waandikeni hata kama hawatakuwa wanachama. Siku mwenye mashua atapandisha nauli ndo utajua alikuwa ndani ya klasta yako siku zote.

Pembeni ya kila jina weka anachokijua zaidi ya wenzake. Sisi tulishangaa, tulikuwa na watu saba wa nakshi na mkereza mmoja tu, mzee, anaumwa mgongo. Hapo hapo tukajua wanagenzi, yani vijana wa kujifunza kazi, wawili wa kwanza waende wapi.

2. Chagueni shida moja, moja tu.

Kwetu ilikuwa mbao. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii, bei zilipaa na kila fundi akawa analala na mbao zake chumbani kama bi harusi. Tukakaa tukasema tununue pamoja. Mtu mmoja akinunua mbao nne ananunua kwa bei ya mwenye duka, watu kumi wakinunua mzigo wa mashua nzima wanazungumza na mpasuaji mwenyewe, na nauli ya kuvusha inagawanyika.

Msianze na soko la ng'ambo. Msianze na tovuti. Anzeni na kitu ambacho mwezi wa kwanza kila mtu ataona faida mfukoni hata iwe shilingi mia tatu, kwa sababu mtu aliyeona mia tatu atakuja mkutano wa pili.

3. Mchango mdogo wa kila siku, sio mkubwa wa kila mwezi.

Elfu moja mwisho wa mwezi ni vita. Hamsini kila siku ya kazi hakuna anayeisikia. Watu ishirini mara hamsini ni elfu moja kwa siku, siku ishirini na nne ni elfu ishirini na nne kwa mwezi, na hiyo ni mbao tayari. Akusanye mtu mmoja, aandike mwingine, na pesa ilale benki au kwenye simu inayohitaji watu zaidi ya mmoja kuitoa. Msinambie "sisi ni ndugu, twaaminiana". Sisi wa kundi la kwanza tulikuwa ndugu wa damu.

4. Sajilini.

Hii wala isiwatishe. Katiba fupi, muhtasari wa mkutano, orodha ya majina na vitambulisho, mwende ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkikua mkaanza kununua na kuuza kwa jina la kundi, hapo fikirieni ushirika. Msilipe mtu wa kati "awafanyie haraka".

5. Wekeni kipimo cha ubora na kila fundi awe na namba.

Sasa hapa tulieni maana ndo kundi letu la kwanza lilikozikwa.

Tulipata oda ya viti arobaini, hoteli moja upande wa Malindi. Furaha, pilau, kila mtu kumi. Mafundi wanne tukagawana, watatu tulitumia mbao kavu, wa nne aliishiwa akachukua mwembe uliokatwa juzi, bado watoa maji, akapaka rangi nzito juu. Viti vikafika vinang'aa. Baada ya miezi miwili vile kumi vyake vikapasuka migongo, na unadhani hoteli ilimtafuta yeye? Ilirudisha vyote arobaini na kutuambia "mafundi wa Lamu ni waongo". Si fulani ni muongo, la, mafundi wa Lamu wote. Kundi likafa ndani ya mwezi, kila mtu akimwonyesha mwenziwe kidole na tulikuwa hatuna hata njia ya kujua kiti kipi ni cha nani, ilibidi tukisie kwa mapigo ya patasi.

Baadaye nikaja kujua si sisi tu. Kuna mji waitwa Sialkot, Pakistani, kazi yao ni vyombo vya upasuaji, mikasi na koleo za hospitali, viwanda vidogo mamia kwa mamia. Mwaka 1994 Marekani ikawabania mzigo wao usiingie kwa sababu ya ubora, na pigo halikuchagua mzuri na mbaya, liliwapata wa mji mzima. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa na chama, kikaenda serikalini, kikaleta wataalamu wa kufundisha viwango kiwanda kwa kiwanda, mauzo yakarudi. Wasingekuwa na chama kila mtu angelia peke yake.

Kwa hivyo fanyeni hivi:

a) Kila fundi ana namba, inachomwa kwa chuma cha moto sehemu isiyoonekana, chini ya kiti au nyuma ya mwimo. Wachongaji wa ushirika wa Akamba pale Changamwe, Mombasa, wana namba zao tangu zamani, kinyago kikiuzwa wajua ni cha nani na pesa yaenda kwa nani.

b) Kipimo cha mbao kavu. Kanuni ya wazee ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene mbao ikianikwa kivulini, na vipande vya kuachanisha katikati ili upepo upite. Kuna kile kidude cha kupima unyevu, cha kuchomeka, nunueni kimoja cha kundi. Mbao ya kukaa ndani ya nyumba wanataka kama asilimia 10 mpaka 12, na hewa yetu ya bahari haitakufikisha huko kwa urahisi. Ndo maana mlango uliotulia miaka Lamu ukienda Nairobi unapasuka, kule ni kukavu, mbao inaendelea kusinyaa. Kama kazi yaenda bara, ule ubao wa katikati usiugundishe, uache ucheze ndani ya mfereji wake.

c) Watu wawili wa kukagua kabla mzigo haujapanda mashua, na wawe wanabadilishwa kila miezi mitatu. Wasikague kazi ya shemeji.

6. Shindaneni kwa kazi, sio kwa kukatana bei.

Mkikaa pamoja mnaonana. Hiyo ni neema, kijana ajifunza kwa kutazama tu jirani bila kulipa ada. Ila pia ni balaa, maana leo nikitoa kitanda cha mtindo mpya kikauzwa, kesho kutwa vitanda hivyo viko kumi na bei imeshuka nusu. Nendeni Kamukunji Nairobi kwa wale wa vyuma mtaona, majiko, masanduku, toroli, safu nzima kitu kimoja, na mteja anatembea akisema "yule kaniambia mia mbili chini".

Suluhisho wanaloruka nalo wengi ni kusema tupange bei moja, atakayeuza chini apigwe faini. Msifanye hivyo. Kwanza sheria ya ushindani ya Kenya ya 2010 haitaki wafanyabiashara washindani wakae wapange bei, pili hamtaweza, mtu ana mtoto hospitali atauza usiku. Fanyeni hesabu ya gharama pamoja. Chukueni kiti kimoja, andikeni mbao, vanishi, msasa, siku za kazi, nauli ya punda, hamsini zenu, kila kitu. Tulipofanya hivi nusu ya mafundi waligundua walikuwa wakiuza chini ya gharama, mmoja alinyamaza kimya akatoka nje kuvuta sigara. Mtu akishajua hesabu yake hahitaji faini.

Alafu kila mtu awe na chake. Huyu vioo na fremu, huyu viti vya enzi, huyu milango, huyu masanduku. Nikiletewa oda ya kiti cha enzi namtumia jirani, ananikatia asilimia tano, imeandikwa daftarini.

7. Mashine ya pamoja: ulizeni umeme kwanza.

Mtacheka. Kuna wakati tulipewa mashine ya kuranda, kubwa, nzuri, rangi ya kijani, hotuba zikasomwa, picha zikapigwa. Kuja kuiwasha yataka umeme wa fezi tatu. Banda letu lina fezi moja. Ile mashine imekaa miezi kumi na minne inatagiwa mayai na kuku.

Kabla ya kukubali au kununua mashine jibuni haya: umeme gani, visu vyake vyapatikana wapi, nani ataitengeneza ikiharibika, na itakaa kwenye ardhi ya nani? Hili la ardhi haswa, maana banda likiwa kwenye kiwanja cha mtu, siku mkigombana naye mashine ni yake. Kila anayeitumia alipe kwa saa, hata mwenyekiti, na hiyo pesa isiliwe, ni ya visu na matengenezo. Kitu cha bure cha wote huharibika haraka kuliko embe.

8. Msiwe na mteja wa aina moja.

Lamu twajua hili kwa machungu. 2011 watalii walitekwa, wengine wakakimbia. 2014 mashambulizi ya Mpeketoni, kafyu, mji ukawa kimya saa kumi na mbili na nusu. 2020 korona. Kila mara mafundi waliokuwa wakiuza vitu vidogo vya watalii tu walifunga, na waliobaki ni wale waliokuwa na kazi ya nyumba.

Na si mtalii tu, hata mnunuzi mkubwa mmoja ni hatari. Bonde la Sinos, kusini mwa Brazili, lilikuwa na viwanda vya viatu vya wanawake, miaka ya 1970 na 1980 walijaza Marekani viatu kupitia wanunuzi wachache wakubwa. Miaka ya 1990 mwanzo Wachina wakaja na bei ya chini, wanunuzi wakageuza shingo. Vile viwanda vikataka kuungana wajitengenezee mitindo na jina lao, lakini wale wakubwa wao waliofungamana na wanunuzi hawakutaka kuwaudhi, mpango ukazama. Nawaambia hivi kwa sababu kila kundi lina mkubwa wake.

Sisi twagawa hivi. Kazi ya nyumba za mji wenyewe, maana Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi 1986 na UNESCO ikauorodhesha 2001, mtu akikarabati hawezi kuweka mlango wa chuma, atatuhitaji. Kazi ya mahoteli, hii tafuteni mwezi wa tano na wa sita, masika, kusi imechacha, hoteli nyingi zimefunga zinakarabati, ukienda Disemba kwa kaskazi hawana muda wa kukusikiliza. Na wateja wa Nairobi na Mombasa kwa simu. Watalii ni sukari juu. Tukiona mteja mmoja amefika nusu ya mauzo ya kundi twaitisha kikao.

9. Wanagenzi, na wawe wengi kidogo kuliko mnavyotaka.

Mafundi wetu hujificha. Mzee anafanya kona ya nakshi akimpa mgongo kijana asione. Namwelewa, ndo chakula chake, lakini yule mkereza wetu angekufa na kazi yake kama hatungemlipa afundishe. Mlipeni mzee kwa kila mwanagenzi, kwa miezi, kutoka kwa zile hamsini. Kijana akishaiva apelekwe mtihani wa NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, cheti mkononi kinamsaidia kupata kazi za miradi. Baadhi watahama waende Mombasa. Sawa tu, wakipata oda kubwa kule watawapigia simu nyinyi.

Ikikwama

*Watu hawaji mikutanoni.* Mikutano ni mirefu. Sisi ni nusu saa baada ya Alasiri, mbao zagawiwa hapo hapo, asiyekuja hapati za wiki hiyo.

*Mkubwa mmoja achukua oda zote.* Msimfukuze, ana wateja. Mwambieni oda ikizidi uwezo wa karakana yake lazima igawiwe ndani ya kundi kabla haijatoka nje. Akikataa mara mbili aondolewe kwenye mbao za pamoja, hapo atasikia.

*Pesa zimepungua kwenye daftari.* Hesabuni siku hiyo hiyo, mbele ya watu, bila kelele. Mara nyingi ni makosa ya kuandika. Ikiwa si makosa, alipe kwa kazi, na hata akimaliza asishike tena pesa, awe binamu yako awe nani.

*Mbao ngumu hazipatikani.* Mwarobaini umejaa pwani yote, wachongaji wa Malindi wengi wamehamia huko baada ya muhugu na mpingo kuadimika. Una harufu, unauma mkono ukiukata mbichi, lakini mdudu hausogelei ovyo. Na pandeni, kila mwanachama miche mitano kwa mwaka, mahali penye uzio maana punda hana haya.

*Watu wa nje watumia jina lenu.* Kuna kitu chaitwa alama ya biashara ya pamoja, wasukaji wa vikapu vya Taita wameisajili ya kwao. Ila msiende huko kabla hatua ya tano haijasimama, mtasajili jina la viti vinavyopasuka.

*Mwanasiasa ataka kujenga banda.* Mpokeeni, mpeni kahawa na halua. Muulizeni hati ya kiwanja iko kwa jina la nani na umeme ni fezi ngapi. Wetu alisema atarudi na jibu, kahawa yake tumeshaimwaga.